Injini ya Pili na Betri Isiyojaa

Mashine yetu ya kukata nyasi ilifika shuleni juu ya Fuso, katikati ya magunia ya mahindi. Mzazi mmoja wa Kerenge aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge, akagundua kwamba ng'ombe wake wanamaliza nyasi haraka kuliko yenyewe, akaamua kuipa shule yetu. Ni ile ya kukaliwa, ina usukani na kiti kama katrekta, na visu vyake viko tumboni.

Nafundisha fizikia kwenye sekondari ya wasichana hapa Handeni, upande wa Chanika. Kwa miaka yote uwanja wetu wa mpira ulikuwa unafyekwa kwa mikono, kwa hiyo wanafunzi waliipokea mashine kwa vigelegele kama bibi harusi. Ilifanya kazi msimu mmoja tu, injini ikapasuka.

Mkuu wa shule akamwita fundi wa pikipiki na mashine za kusaga, mzee wa rika la baba yangu, mwenye karakana ya mabati karibu na soko. Alitafuta injini nyingine yenye nguvu ileile, iliyotolewa kwenye mashine ya aina tofauti, akaifunga kwa siku mbili. Ikanguruma tulipoijaribu mara ya kwanza. Siku ya tatu tulipozungusha ufunguo, ikatoa mlio mmoja mdogo, ikanyamaza.

"Shikamoo mzee," nilimpigia simu. "Mashine haiwaki."

"Marahaba mwalimu. Hiyo betri imekufa. Nunueni mpya."

Tukanunua. Ile mpya nayo ikaisha baada ya siku nne. Fundi akawa anakuja na pikipiki, anaichukua betri, anaichaji karakanani kwake, anairudisha. Wasichana wakaibatiza betri jina la Mgonjwa. Kila nikiingia darasani wananiuliza, "Mwalimu, Mgonjwa ameruhusiwa hospitali?" Nami nacheka nao, huku nyasi zinafika magotini, na timu ya wasichana kutoka Korogwe inakuja kucheza nasi wiki inayofuata.

Mchana mmoja nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari. Swali lilihusu namna ya kugeuza mkondo geu uwe mkondo mnyoofu, yaani AC iwe DC. Mwanafunzi mmoja alikuwa amelikosa lote, nami nikamwandikia kwa wino mwekundu: Soma tena. Kisha nikabaki nimeishika ile kalamu hewani. Mimi mwenyewe nimefundisha somo hili miaka saba, na nje ya dirisha langu pana mashine isiyochaji, na sijawahi kuinama kuitazama.

Nikachukua mita ya kupimia umeme maabara, nikamwita fundi. Betri ikiwa imepumzika, mita ilisoma volti kumi na mbili na kidogo. Tukawasha injini. Namba haikupanda hata chembe, wakati betri inayochajiwa inatakiwa ifike kwenye kumi na nne. Nikahamia kwenye nyaya mbili za njano zinazotoka ndani ya injini, nikageuza mita isome mkondo geu. Ikaruka hadi thelathini.

"Kumbe umeme upo!" fundi akasema.

"Upo mzee, ila unakwenda mbele na kurudi nyuma. Betri hailishwi namna hiyo. Ile injini ya zamani haikuwa na kitu cha kuunyoosha?"

Akafikiri. "Kulikuwa na kichuma kidogo chenye mapezi, kimefungwa ubavuni kwa skrubu mbili. Nikadhani ni cha kupozea."

"Kiko wapi?"

"Kimeenda na injini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Hapo akatamka neno la Kizigua ambalo sitaliandika, akajipiga paji la uso, halafu tukaangua kicheko wote wawili.

Jumamosi asubuhi tukaenda Korogwe, kwenye duka la spea la mama mmoja wa Kihindi aliyelirithi kwa baba yake. Alivaa miwani, akasikiliza maelezo yangu marefu ya kifizikia bila kunikatiza, kisha akamgeukia fundi.

"Waya ngapi zinatoka kwenye injini?"

"Mbili mama, zote njano."

Akapanda ngazi, akashuka na reguleta ya pikipiki, kinyoosha umeme chenyewe: kichuma chenye mapezi kama ya samaki. "Njano kwa njano. Huu mwekundu unakwenda betri. Mwili wake ufungeni kwenye chuma kitupu, msiufunge juu ya rangi. Mkimaliza nipigieni, nataka kusikia."

Alasiri hiyohiyo fundi alikwangua rangi kwenye fremu mpaka chuma kikang'aa, akaifunga reguleta. Tukawasha. Nilishika mita kwa mikono miwili. Kumi na mbili nukta tano. Kumi na tatu. Kumi na tatu nukta nane. Ikafika kumi na nne nukta mbili, ikatulia. Fundi akavua kofia, akaizungusha hewani kama shabiki aliyeona bao.

Tukampigia yule mama. "Ongezeni mafuta nisikie," akasema. Injini ikapaza sauti. "Mita inasemaje?" Nikamwambia. Tukamsikia akiwatangazia wateja wake, "Ya Handeni inachaji!"

Nilidai niendeshe mimi. Sikuwahi kuendesha kitu chochote zaidi ya baiskeli. Wasichana walikimbia pembeni yangu wakiimba, fundi nyuma akipiga kelele, "Breki mwalimu, breki!" Nilipita kona ya uwanja, nikavuka njia ya mawe, nikalifyeka tuta zima la matembele la mpishi wetu. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Aliponiona nimeng'ang'ania usukani, macho yamenitoka, hasira ikamwisha, akakaa chini kabisa akicheka. Jioni hiyo shule nzima tulikula matembele.

Mechi tulifungwa mawili kwa moja, lakini wageni waliusifia uwanja.

Wiki iliyofuata nilimwomba fundi aje kufundisha kidato cha tatu. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, reguleta mbovu mfukoni na injini ndogo nyuma ya pikipiki. Tangu amalize darasa la saba hakuwahi kusimama mbele ya ubao, na mistari yake ya kwanza ilikwenda upande. Alipoanza kueleza jinsi alivyotupa kichuma cha watu akidhani ni cha kupozea, darasa likalipuka kwa kicheko, naye akachangamka, akaendelea saa nzima. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Mlangoni alinishika mkono. "Mwalimu, naruhusiwa kuja tena Jumatano?"

Nikamwambia aje. Akaomba kipande cha chaki akafanyie mazoezi kwenye mabati ya karakana yake.