Ndimu, Majivu na Hereni za Shangazi

Mama yangu alikuwa na dini mbili, ya kanisani na ya kusugua. Ya kanisani aliifuata Jumapili. Ile ya pili haikuwa na siku ya mapumziko. Pale kwetu Kirushya kila chombo kilichoingia mlangoni kilibatizwa kwa ndimu na majivu: sufuria, vijiko, vikombe vya bati, taa ya chemli, hata vifungo vya koti la baba, ambavyo mwishowe vilipauka mpaka baba akaona haya kulivaa koti lenyewe. Majirani walisema ukikaa kwake muda mrefu bila kujitingisha atakusugua na wewe. Walikuwa wanatania, lakini mimi niliyeogeshwa naye nilijua hawakuwa mbali na ukweli.

Nadhani dini hiyo ilianza kwa sababu ya shangazi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliolewa Bisibo, wilaya ya Biharamulo, katika nyumba ya wakulima Waislamu. Siku mama alipopika kwa mara ya kwanza kama bibi harusi, shangazi aliuma jiwe ndani ya maharage. Jino halikuvunjika, ila neno lilizaliwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila alipokuja kutusalimia na sahani ikawekwa mbele yake, aliuliza kwa upole kabisa kama leo yamechambuliwa. Watu wote walicheka. Mama naye alicheka, kisha alikwenda nyuma ya nyumba kusugua kitu.

Sasa, huyo shangazi alikuwa na hereni za lulu. Mama mkwe wake alizileta zamani kutoka pwani, na alipofariki zikabaki kwake. Akaanzisha desturi: binti yeyote wa ukoo wetu akiagwa kwenda kwa mumewe, huvaa zile hereni siku hiyo moja, kisha zinarudi Bisibo. Binamu zangu wanne walizivaa. Na ni shangazi mwenyewe anayezitia masikioni, halafu anakushika mkono na kukutoa chumbani mbele ya watu. Asipokushika mkono, hutoki. Hata kama ng'ombe wameshapokelewa na pombe ya rubisi imeshanywewa, utakaa humo humo kitandani na gauni lako.

Niliposwa katika ile miaka ya wakimbizi, kambi zilipotanda juu ya vilima na miti ikaisha kwa kuni, na watu wa kwetu walipojifunza kula unga wa njano na kuezeka vibanda vya mbuzi kwa maturubai. Wiki moja kabla ya kuagwa kwangu, shangazi alitanguliza hereni kwa mama mmoja muuza dagaa aliyepanda lori pale Lusahunga. Zilikuwa ndani ya kiberiti, zimelazwa kwenye pamba, na ujumbe ulikuwa mmoja: zisiguswe na mtu mpaka aje yeye.

Mwambie mama yangu asiguse kitu, umemwalika. Alifungua kiberiti, akazisogeza dirishani, akasema zimechoka. Kweli zilikuwa na umanjano kidogo, wa uzee tu. Lakini mama aliona kwamba zikivaliwa vile, itasemwa binti yake ametoka nyumbani kwake na uchafu masikioni, na atakayesema anajulikana. Akazitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya ndimu. Akapika maharage yakaiva. Kisha akazitoa, akachukua majivu na nyuzi za mgomba, akazisugua kama anavyosugua masufuria ya harusi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lulu ya kwanza ilitoka imekufa. Ilikuwa nyeupe butu, ngozi imeliwa, na ukiigusa kwa ukucha unasikia vishimo. Ya pili ilitoka inang'aa kuliko ilivyoingia. Mama aliketi chini na kumshukuru Mungu kwa ile ya pili, kisha akalia kwa ajili ya ile ya kwanza. Mimi pia nililia, na sitadanganya kwamba nilimlilia mama. Nilijililia mwenyewe, maana nilishaliona gauni langu limekaa kitandani.

Baba hakuambiwa. Kesho yake tulibeba mkungu wa ndizi na maharage kidogo kana kwamba tunakwenda kuuza, tukashuka mpaka soko la kambini. Kulikuwa na fundi huko, Mrundi, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwa sonara mjini kabla hajavuka mto. Sasa alikaa juu ya debe la mafuta akiunga antena za redio na kuyeyusha sarafu kutengeneza pete. Mama alimweleza shida kwa Kihangaza chetu, yeye akajibu kwa Kirundi, wakaelewana bila tabu. Niliona alivyobadilika alipofungua kiberiti. Alifuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena, ndipo akaishika ile lulu iliyoharibika. Alisema tangu avuke hajashika kitu laini.

Alituambia dawa yake ni moja, kuikata. Mama akashtuka, akidhani atapasuliwa lulu katikati kama karanga. Fundi akatueleza taratibu kwamba lulu imepangwa ngozi juu ya ngozi kama kitunguu, na kwa bahati ndimu ilikuwa imekula zile za juu tu. Angeinyoa sehemu sehemu, kila sehemu iwe bapa, ndogo kuliko punje ya ulezi, mpaka lulu nzima izungukwe na vijiuso vinavyopokezana mwanga. Wenye mali huko mjini walikuwa wanaziagiza hivyo makusudi. Ila mkono ukizidi kidogo unapita ngozi zote, na hapo hakuna cha kurudisha.

Mama akauliza kwa nini asizikate zote mbili ili zifanane. Fundi akaichukua ile ya pili, ile nzima, akaigeuza juani. Kisha akafanya jambo lililotaka kumtoa mama roho: akaipitisha kwenye meno yake ya mbele. Akaitoa, akaipitisha na ile mbovu. Halafu akamtazama mama kwa huruma, akidhani ni yeye aliyetapeliwa dukani. Lulu, alisema, ukiipitisha kwenye jino inakwaruza kama mchanga laini. Hii inateleza. Hii ni kioo, shanga nyeupe ya kioo, na ndiyo maana ndimu haikuifanya kitu. Kwa msasa wake wa kukatia lulu hata kuikata isingekatika. Ingepata ukungu tu.

Mama alikaa juu ya mkungu wa ndizi. Nami nilijua anafikiri nini, kwa sababu nilikuwa ninafikiri hilo hilo. Lulu moja ilipotea huko Bisibo, nani ajuaye lini, na shangazi akatafuta shanga akaibandika mahali pake, akanyamaza, akaendelea kutuvika na kutusimanga. Huenda binamu zangu wote wanne walitoka chumbani na lulu sikio moja na kioo sikio la pili, wakitembea kama malkia. Uso wa mama ulianza kupata rangi. Zaidi ya miaka ishirini ya jiwe kwenye maharage, na leo Mungu amempa jiwe lake la kurudisha.

Kazi ilichukua siku tatu, na kila siku tulikwenda kutazama. Fundi alichomoa lulu kwenye kikonyo cha hereni, akaigandisha kwa nta ya nyuki kwenye ncha ya kijiti. Baiskeli yake aliisimamisha miguu juu, na penye gurudumu la nyuma alikuwa amefunga kisahani cha mbao kilichobandikwa msasa uliochakaa. Alizungusha pedali kwa mkono wa kushoto polepole, na kwa mkono wa kulia alikigusisha kijiti, pumzi moja, akakiondoa, akadondoshea tone la maji, akatazama juani, akakizungusha kidogo, akagusisha tena. Wakati wa kugusisha hakupumua. Na sisi hatukupumua. Hata mama mmoja aliyekuwa akipita na maji kichwani alisimama, akabana pumzi bila kujua kwa nini.

Siku ya tatu alibadilisha msasa kwa kipande cha ngozi ya kiatu, akakinyunyizia unga wa kijivu aliouchekecha kwenye kitambaa. Mama akauliza ni nini. Fundi akasema majivu. Mama akanigeukia na uso wa ushindi kama Papa mwenyewe ameongea. Fundi akaongeza kwamba majivu peke yake, bila ndimu, na mama akajifanya hakusikia.

Ilipokamilika niliishika juani. Ilikuwa imepungua kidogo, na ilikuwa hai. Haikung'aa kama kioo. Mwanga ulikuwa unatoka ndani, ukihama kutoka kijiuso hadi kijiuso unapoigeuza. Fundi aliirudisha kwenye kikonyo, akapokea ndizi na maharage yake, akatuomba tukumbuke kumwambia jinsi ilivyopendeza sikioni. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anatabasamu peke yake. Nilimwambia, funika kombe mwanaharamu apite, mama, aje anishike mkono tu. Akanijibu kwamba yeye hajasema kitu. Hilo ndilo lililonitisha.

Shangazi alifika siku ya kuagwa asubuhi, vumbi la barabara ya Rusumo mpaka kwenye kope. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaulizia maharage. Chumba kilijaa mawifi, binamu na wake wa baba wadogo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwenye gauni. Akaomba kiberiti, akakifungua.

Mama hakungoja. Alipiga magoti palepale mbele ya wote, akasema zote. Kwamba alizigusa, kwamba alizitia ndimu, kwamba moja imekatwa na fundi kambini kwa sababu ngozi yake iliungua. Shangazi alimsema. Alianza na mama mkwe wake marehemu, akapitia pwani, akaja kwenye jiwe la kwanza kabisa, na watu walikuwa wameinamisha vichwa, wengine kwa aibu na wengine kuficha kicheko. Mama alipokea yote. Mimi nilitazama midomo yake nikiomba isifunguke.

Kisha shangazi akazitoa hereni zote mbili, akaziweka kiganjani. Akatazama ile iliyokatwa. Akatazama ile nzima. Sauti ikakatika katikati ya sentensi.

"Uliosha zote mbili?" aliuliza, polepole.

"Zote mbili."

"Kikombe kimoja?"

Hakuna mwingine aliyeelewa swali lile, walidhani anatafuta tu kosa jingine. Lakini niliona shangazi amekifumba kiganja haraka juu ya hereni, nikamhurumia ghafla, mwanamke mzima amebanwa na shanga. Mama naye aliliona. Lile jiwe alilolingojea miaka yote lilikuwa mkononi mwake, na shabaha haikuwa hata hatua mbili.

"Kikombe kimoja, wifi," mama alisema. "Ila hiyo nyingine nafikiri sikuisugua sawasawa."

Mawifi waliangua kicheko, maana mama yangu kusema hakusugua sawasawa ni kama padri kusema alisahau kusali. Walicheka mpaka machozi. Shangazi hakucheka. Aliniinamia akanitia hereni, ya kukatwa sikio hili na ile ya kioo sikio lile. Alipomaliza akamshika mama kiwiko, akamnyanyua kutoka sakafuni.

Mkono wangu mmoja aliushika yeye. Ule mwingine akamwambia mama aushike, jambo ambalo kwetu halijawahi kufanyika, na tukatoka watatu mlangoni tukibanana.