Fundi wa mapaa aliyeachia zamu yake ili majirani wasitawanyike

Saa moja na robo asubuhi, Bernadette Kosmala yuko juu ya nyumba ya watu. Amepiga magoti kwenye mteremko wa paa, anang'oa vigae vya lami vilivyochakaa kwa sepeto lenye meno. Kila akivuta, vigae vinne vitano vinateleza na kuangukia turubai lililotandikwa uani. Pumzi yake inatoka kama mvuke wa birika.

Ni wiki ya mwisho ya Machi mjini Buffalo, na upande wa kaskazini wa paa hili bado una theluji. Bernadette haugusi kwanza. Ameanza kusini, kaskazini ataingia mchana.

"Paa ni kama mtu na mkewe," anasema bila kuinua kichwa. "Mmoja anacheka, mmoja amenuna. Ukianza na aliyenuna, siku yako imeharibika."

Mama huyu ana miaka hamsini na minane, na kazi hii ameifanya tangu akiwa na ishirini na miwili. Analipwa dola thelathini na moja kwa saa, lakini kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi mapaa yote yamefunikwa na hakuna wa kumwita. Mwaka mzuri unampa kama dola elfu arobaini na saba. Humo kuna kodi, kuna mafuta ya lori, kuna dawa ya mgongo. Na kwa misimu ishirini na tisa sasa, kuna viti viwili vya besiboli.

Haya, nategua kitendawili kabla hakijategwa vizuri. Natoka nyumbani, napita vituo vitatu, narudi nyumbani palepale, na watu wananishangilia kama nimetoka Hija. Huyo ni mchezaji wa besiboli, na mjini hapa hata mtoto wa darasa la kwanza angekujibu.

Kigumu ni hiki: nina nyumba nailipia kila mwaka, sijalala humo hata siku moja, na nikiambiwa nihame nalia. Hicho ni kiti cha msimu.

Vya Bernadette vilikuwa Kitalu 118, mstari wa saba, nyuma tu ya benchi la Manahodha, timu ya mji. Kimoja chake, kimoja cha dada yake Irena, ambaye hajui nani anacheza na nani ila soseji haimpiti. Ukilipia msimu mzima, michezo yote themanini na mmoja ya nyumbani unakaa palepale, kwa hiyo na majirani nao ni walewale.

Kulia kwao alikaa mzee Wendell Gaines, aliyepeleka barua za watu kwa miguu miaka thelathini na mitatu, na mkewe Odessa. Mbele yao alikaa Carmela Sciandra, mjane mwenye sauti ya kengele. Na misimu mitatu iliyopita akaongezeka Tariq Saleh, mwenye duka kule Lackawanna, na mkewe na binti zao wawili.

Tariq alipofika hakujua kwa nini mtu anapiga mpira halafu anatupa gongo. Carmela akampa penseli na karatasi, akamfundisha kuandika kila mrusho na kila kituo. Msimu wa pili mwanafunzi akaanza kumsahihisha mwalimu. Na magoti ya mzee Wendell yalipomkataza kuendesha gari, ni Tariq aliyeanza kumpitia nyumbani kila siku ya mchezo na kumrudisha.

Basi, Januari zikaja barua. Kitalu 118 kitawekwa viti vya mito na meza ya chakula. Kiti kilichokuwa dola 2,340 kwa msimu sasa kitakuwa dola 3,690. Asiyeweza anakaribishwa kuchagua kiti kingine Siku ya Kuchagua Viti, mwezi Machi.

Mji ukawaka. Wapo waliosema watachoma kofia zao. Wapo waliosema hawatakanyaga tena uwanjani, na wengine kweli wameacha. Mistari miwili ya mbele ya Bernadette, ukimtoa Carmela, imebaki bila hata mmoja wa zamani. Carmela alimwandikia mwenye timu kurasa tatu, mbele na nyuma.

"Alinijibu," anasema Carmela. "Alinitumia kofia! Nimemweleza marehemu mume wangu alikaa pale hadi wiki aliyokufa, yeye ananitumia kofia. Tena ndogo."

Bernadette hakuandika barua. "Mwenye nyumba akiamua kupandisha kodi, ukipiga kelele mlangoni anaongeza kelele yako kwenye kodi," anasema. "Mimi niliuliza swali moja tu: tunahamia wapi?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Siku ya Kuchagua Viti watu huingia kwa zamu, na zamu hugawiwa kwa misimu. Mwenye mingi anaingia mapema, anachagua kizuri. Bernadette na misimu yake ishirini na tisa alipewa saa tatu na nusu asubuhi. Wendell na Carmela wakafuata muda mfupi baadaye. Tariq, kwa misimu yake mitatu, alipangiwa saa tisa alasiri.

Wanaotaka kukaa pamoja wanaruhusiwa kuunganisha majina. Lakini wakiunganisha, wote wanachukua zamu ya yule mgeni kuliko wote, na haibadilishwi tena.

Walikutana dukani kwa Tariq kuamua, kwa chai ya maziwa na iliki. Tariq ndiye aliyeanza.

"Jamani, nyie chagueni kwa zamu zenu. Mimi mgeni, nitaokota kitakachobaki."

"Wee, nani kakuuliza?" Carmela akamkata. "Kunywa chai yako."

"Chai yangu, mama, na duka langu."

"Basi nyamaza dukani kwako."

Mzee Wendell alikuwa anasugua goti. Ghorofa ya juu, ambayo wote waliimudu kwa dola 1,180 kiti, mistari iliyo karibu na mlango ni michache, na hiyo ndiyo wenye zamu za asubuhi huitafuta. Inayobaki saa tisa ni ile ya juu kabisa.

"Mimi nisiseme uongo," akasema. "Mkinipeleka mstari wa ishirini, siku ya kwanza nitapanda, siku ya pili mtanikuta nyumbani. Magoti haya yana miaka sabini na minne."

"Ndiyo maana nasema niacheni, mzee," Tariq akasema.

"Nikuache nifike vipi uwanjani? Nijibandike stempu nijitume?"

Watu wakacheka, lakini mambo yalikuwa palepale. Wakimchukua Tariq, huenda wakampoteza Wendell kwa ngazi. Wakimwacha Tariq, Wendell atapata kiti cha chini na kukosa wa kumleta. Kwa vyovyote wangeanza msimu wamepungua.

Bernadette akaweka kikombe chini. "Unganisheni majina," akasema.

"Binti, una hakika?" Wendell akauliza.

"Wewe sina hakika nawe. Mwezi wa Machi nina hakika nao."

Alipopiga simu ofisini kwa timu, karani alimuuliza mara mbili kama ameelewa. Mtu mwenye misimu ishirini na tisa, akamwambia, hajawahi kuomba zamu ya saa tisa. "Basi niandike wa kwanza," Bernadette akajibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya jua kali na baridi kali. Saa tatu na nusu, ile zamu aliyoiachia, Bernadette alikuwa keshafika. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuzunguka na kutazama. Alipanda ghorofa ya juu akatembea kitalu hadi kitalu, mikono mfukoni, kama anavyozunguka nyumba kabla ya kutaja bei.

Alichokuwa anatafuta ni theluji.

"Kila fundi wa mapaa anajua," anaeleza. "Theluji inayokataa kuondoka inakuonyesha kivuli kilipo. Watu wanakuja Machi kuchagua kiti cha Julai. Wanakaa dakika mbili, wanafuata penye joto. Mtu na akili zake ananunua tanuri kwa sababu leo anasikia baridi!"

Aliipata Kitalu 321, upande wa kituo cha tatu. Mistari ya pili na ya tatu ilikuwa bado nyeupe, na matone yalikuwa yanadondoka kutoka juu. Kutoka mlangoni hadi pale ni ngazi nne, na mlango wenyewe uko hatua kumi kutoka kwenye lifti. Jua la asubuhi linapagusa kidogo, halafu paa la jukwaa linapafunika.

Akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapanga vidole kati ya jua na ukingo wa paa. Kidole kimoja ni robo saa. Akahesabu, akaongeza kwa sababu Julai jua linapita juu zaidi, akahesabu tena. Mchezo ukianza saa saba mchana, utaungua raundi nne kati ya tisa. Kuanzia ya tano unakaa kwenye kivuli, na wenzako wa upande wa pili wanajipepea kwa kofia hadi mwisho.

Ikabaki kungoja zamu yao bila kupazuia, maana kuweka koti kwenye kiti hakuruhusiwi. Wendell, Carmela na Tariq wakafika na chupa ya chai, wakakaa kitalu cha jirani, macho kwenye theluji yao.

Saa sita ikaja familia ya watu watano. Baba akapangusa kiti, akakaa, akaruka kama kaumwa na siafu. "Hapa ni ndani ya friji!" akasema, suruali imelowa, na wote wakaondoka.

"Mungu ambariki," Carmela akanong'ona.

Saa nane na dakika ishirini wakaja wanaume wawili waliovaa vizuri. Hawa hawakuwa na haraka. Mmoja alishuka ngazi, akatazama uwanja, akatazama mlango, akageuka. Bernadette ndiye aliyekuwa karibu.

"Samahani, mama. Hapa panakuwaje kiangazi?"

Carmela alimkanyaga Bernadette mguu. Dakika arobaini tu zilikuwa zimebaki.

"Ni pazuri," Bernadette akamjibu. "Kivuli kinafika raundi ya tano. Hakuna pazuri kuliko hapa ghorofa hii yote."

Yule mtu akamtazama, akatazama theluji, akatazama maji yanayodondoka mbele ya kiatu chake. Akaanza kucheka. "Asante, mama. Umejaribu." Akamgeukia mwenzake: "Siku hizi wanaajiri hata mabibi watuuzie viti vibovu." Wakaenda zao upande wa jua.

Wendell alicheka mpaka akashika kifua. Carmela hakucheka hata kidogo.

"Ungesema uongo ungekufa?" alimuuliza.

"Mtu kaniuliza habari ya paa, Carmela. Kuhusu paa sisemi uongo. Nikianza leo, kesho nitamwambia mwenye nyumba vigae vyake vizima."

Saa tisa kamili msichana mwenye kompyuta ya mkononi akaita jina la Saleh. Walikwenda wote wanne. Tariq akaonyesha kwa kidole: viti vinne mstari wa pili, vitano mstari wa tatu. Msichana akauliza kama wamekuja na taulo. Kisha akabonyeza, na majina tisa yakaingia, yamefuatana.

Siyo kwamba hawakupoteza kitu. Kule chini walisikia mpira ukipiga ngozi ya glavu, na mchezaji akikosea alisikia maoni ya Carmela kabla ya kusikia ya kocha.

"Wachezaji wamekuwa wadogo," Wendell alisema alipokaa mara ya kwanza, goti amelinyoosha mbele.

"Sasa hawatanisikia," Carmela akalalamika.

"Mama, watakusikia mpaka Kanada," Tariq akamwambia. "Wataomba tupunguze."

Bernadette amefikisha nusu ya paa. Anaketi kwenye mgongo wa nyumba, anafungua mkate wake wa nyama ya ng'ombe, ule wa chumvi na kisibiti juu, anakula huku akiwaelekeza wenzake chini wapi pa kusogeza turubai. Miaka miwili ijayo anataka kuacha ngazi na kufundisha vijana wanaoingia kazi hii kwenye darasa la chama cha mafundi. Ameshaomba, na wamemwambia nafasi ni yake akiwa tayari. Mshahara wa huko haukatiki Desemba, na anasema ndio utakaomlipia kiti chake akiwa bibi kizee.

Mchezo wa kwanza wa nyumbani ni Alhamisi ijayo, na watu tisa wa Kitalu 321 wameshagawana nani alete nini. Wachache mjini wanaamini hesabu ya vidole vyake. Wendell mwenyewe haamini, na wamewekeana dau mbele ya mashahidi. Jumapili ya kwanza ya Julai, mchezo wa saa saba mchana, kivuli kisipofika mstari wa pili ifikapo raundi ya tano, Wendell atanunua vigae tu, na Bernadette ataezeka upya banda la gari la mzee bila senti moja. Kikifika, Wendell atamnunulia soseji Irena msimu mzima, jambo ambalo kila anayemjua Irena anaona ni kubwa kuliko paa.

Anapoulizwa kama amejiandaa kushindwa, Bernadette anapangusa makombo kwenye suruali, anainuka, anachukua sepeto lake. Theluji ya upande wa kaskazini imeanza kulegea.

"Mwambieni mzee asinunue vigae," anasema, na kuvuka upande wa pili.