Mlango wa Kutazama Uchochoro

Bernardo hakujua kusoma, lakini sheria za viwanja vya mtaa mpya alizijua zote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ncha ya mnyororo walipokuwa wakipima. Kiwanja, futi arobaini kwa themanini. Nyumba iwe ya pembe nne, msonge marufuku. Ukuta wa mbele ukae futi kumi kutoka barabarani. Ua wa minyaa usipite kifua cha mtu. Choo kiwe mwisho kabisa wa kiwanja, na mlango wake utazame uchochoro wa nyuma, ili bwana afya akipita na baiskeli yake afungue, achungulie, aende zake bila kupiga hodi kwa mtu.

Hiyo ya mwisho aliisikia, akapigilia kigingi, akasonga mbele. Hakuiwaza.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Huko nyuma ya mtaa wa Cheyo pori lilifyekwa, barabara zikanyooshwa kama kamba, zikaikata ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Ujiji. Baba yake Bernardo alikuwa mpagazi wa njia hiyo. Alizoea kusimulia kwamba kambini, hata wakiwa watu mia tano, mizigo ikishatuliwa tu kila mtu anajua upande wa wanaume kwenda haja na upande wa wanawake. Wala hakuna aliyeandika mahali.

Kazi ilipokwisha, Mzungu mpimaji akamwambia Bernardo achague kiwanja kabla watu hawajapiga kura ya kugawana. Hiyo ilikuwa zawadi yake. Bernardo alikuwa amebakiwa na binti mmoja tu, Imakulata, mwenye mimba ya kwanza, mke wa Marko, fundi wa reli. Marko, kwa kuwa mtu wa reli, alikwisha kupewa chake. Bernardo akachagua kilicho mgongoni mwa hicho, akajenga, kisha akaenda Usoke kumchukua mkewe Veneranda, aliyekuwa akilima huko. Akamwambia watapeana mgongo na binti yao; mtoto akilia kule atasikika huku. Veneranda akafurahi. Akabeba mchi wake na kuku watatu.

Veneranda alikuwa mwanamke wa namna hii: tangu Marko alipoleta posa, hakuwahi kumtazama usoni. Jina lake hakulitamka. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini, anageuka, anajifunika khanga mpaka apite. Marko naye hivyo hivyo. Ndiyo heshima ya Wanyamwezi, mkwe na mkwe, na hao wawili waliishika bila kuchoka.

Asubuhi ya tatu tangu ahamie, Veneranda alifungua mlango wa choo atoke. Ng'ambo ya uchochoro, hatua nne tu, mlango wa choo kingine ukafunguka. Ni Marko, anafunga mkanda.

Veneranda akarudi ndani akajifungia. Marko naye akarudi ndani akajifungia. Wakakaa humo, kila mmoja akimngoja mwenzake atoke kwanza, mpaka king'ora cha karakana ya reli kikalia na Marko akawa amechelewa kazini. Jirani yao Zamda alicheka hadi akakaa chini. Alisema ameona watu wengi wakioneana haya, lakini si wa kukaa na nzi kwa ajili ya haya. Mtaa mzima ukacheka. Bernardo hakucheka. Vile vigingi viwili alivipigilia yeye.

Tangu siku ile Veneranda hakunywa maji mchana. Alfajiri alikwenda mpaka ng'ambo ya reli, porini, akarudi kabla jua halijatoka. Kutwa nzima alijizuia. Midomo ikampasuka. Baada ya majuma mawili akawa anajishika chini ya kitovu, akidhani hakuna anayemwona. Bernardo alimsihi anywe. Veneranda alikuwa akimkorogea binti yake uji, jasho linamtiririka, anasema hana kiu.

Marko, mtoto wa watu, alijaribu. Akawa anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kila aendapo chooni, ili mkwewe ajue aliko. Ikazidi kuwa mbaya. Sasa hata watoto waliitikia.

Imakulata alikuwa amebakiza mwezi mmoja.

Bernardo akaenda Boma kwa karani wa viwanja, Damas, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Aliomba kitu kimoja: ageuze mlango wa choo chake utazame uani. Choo chenyewe kisisogee hata inchi. Damas akafungua faili, akamwonyesha mstari kwa kidole, kana kwamba Bernardo angeusoma. Bernardo akamweleza habari ya mkwe. Damas akainamisha macho, maana na yeye alikuwa na mama mkwe.

"Naelewa, mzee wangu," alisema. "Lakini kwenye ramani hakuna mama mkwe."

Bernardo akarudi nyumbani, akaziba mlango kwa matofali, akatoboa mwingine upande wa uani. Kazi ya nusu siku. Siku ile Veneranda alikunywa vikombe viwili vya maji, kimoja juu ya kingine, mbele ya macho yake.

Siku ya tano bwana afya akapita, akakuta ukuta. Kesho yake akaja na watu wawili wenye sururu. Wakabomoa palipozibwa, wakaziba palipotobolewa. Yeye alisimama pembeni na kitambaa puani. Kitambaa kile ndicho kilichomtia Bernardo kichefuchefu kuliko yote. Mtu anaziba pua, na bado anataka mlango umwelekee yeye. Bernardo akatema mate chini, akatema tena, ladha haikutoka.

Veneranda alitazama yote kutoka jikoni.

"Baba Imakulata," alisema, "nirudishe Usoke."

Bernardo akamwuliza, na mtoto?

"Mtoto atazaliwa. Mimi siwezi kumpokea mjukuu, na baba yake kila siku ananiona natoka chooni."

Wakapanda treni. Imakulata alisimama nyuma ya ua uliomfika kifuani, analia, na mama yake hakugeuka nyuma kwa kuwa angegeuka asingeondoka. Imakulata alijifungua mtoto wa kiume, akipokewa na Zamda, yule yule aliyecheka.

Bernardo alirudisha karatasi ya kiwanja. Damas akamwuliza aandike sababu gani. Bernardo akamwambia aandike pananuka. Damas akasema choo ni kipya, hakijaanza kunuka. Bernardo alikuwa amekwisha toka nje.

Usoke, Veneranda alikunywa maji alivyotaka, lakini tumbo halikumwacha tena. Mjukuu alimwona mara mbili. Veneranda alikufa wakati wa kuvuna mtama.

Marko alikuja mazishini kwa treni ya asubuhi. Hakusogea kaburini. Alisimama mbali, kwenye ukingo wa shamba, ameelekeza uso upande mwingine, mpaka udongo ulipokwisha kufunika. Hakuna aliyempimia. Alijua mwenyewe pa kusimama.