Mpaka Tuliopanda Mutwanga

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vya ngozi. Nilikuwa kijana wa Butembo, mtoto wa mfanyabiashara, na nilidhani mlinzi wa Parc, hifadhi ya taifa, ni mtu wa kusimama getini akipigiwa saluti. Pikapu ilinishusha Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, katikati ya matope. Shefu wa doria aliviangalia viatu vyangu, akanipa panga. Bunduki ni mambo ya baadaye, akasema; leo tunasafisha limite.

Ninyi vijana mnaoona walinzi wakipita na redio na magari, wacha niwaambie: kazi yetu kubwa ilikuwa hiyo limite, yaani mpaka kati ya pori na mashamba ya watu. Tulifyeka njia nyembamba kutoka nguzo moja ya saruji hadi nyingine, nguzo tulizoziita borne. Mvua ikinyesha, majani yanarudi, na sisi tunarudi. Nilinung'unika sana. Leo nikisikia harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi, roho inaniuma kwa hamu ya wakati ule.

Baadaye nilipelekwa Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani, nikawa nalala nikisikiliza viboko wakikoroma. Niliporudi Mutwanga nilikuta mkubwa mpya wa station, Conservateur aliyetoka Kasai. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka. Borne nyingi zilikuwa zimevunjika au kuzama majanini, na mashamba yalikuwa yakipanda mlima kidogo kidogo. Parc ilikuwa imekwisha kuandikwa kati ya urithi wa dunia ulio hatarini, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Akawaita wakulima, akawaeleza kwamba pori hili si la Kongo peke yake, ni urithi wa dunia nzima. Mama Masika, mjane aliyelima kahawa na mihogo mpakani kabisa, akauliza kwa upole nani amekufa. Watu walicheka hadi mkutano ukavunjika.

Kwetu Wanande kuna miti ya kutenganisha mashamba. Ukichomeka tawi la mti huo udongoni linashika, na hakuna anayethubutu kuung'oa. Conservateur aliposikia hayo alifurahi, akatuamuru tuipande kufuata limite yote ya upande ule. Tulipanda siku nzima tukiimba. Kesho yake asubuhi tuliyakuta matawi yote getini, yameng'olewa kwa uangalifu na kufungwa katika majani ya ndizi yasikauke. Kando yake alikuwa amekaa Mama Masika.

Conservateur alitaka kuita askari. Shefu wa doria akamwomba amsikilize mama kwanza.

"Mupaka haipandwe na mutu moya," Mama Masika akasema. "Mukipanda peke yenu, ni kuiba udongo. Sisi hapana batu ba kuharibu miti, ndio maana tumerudisha."

"Donc, mama, tufanye namna gani?" Conservateur akauliza.

"Mushike tawi moya na sisi. Mukono yenu, mukono yetu. Kiisha tunakunywa."

Tukaanza upya. Kwa kila mti, mlinzi na mwenye shamba walishika tawi lile lile, wakalisukuma udongoni pamoja. Conservateur mwenyewe alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi. Mimi zamu yangu iliangukia kwa Mama Masika, tukabishana kutwa: yeye analivuta tawi kuelekea porini, mimi nalivuta kuelekea shambani kwake. Jioni tulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mimi na yeye bado tunabishana. Muda wote niliobaki pale, sikuona mti hata mmoja uking'olewa.

Nilipostaafu nilijenga Beni, commune ya Ruwenzori. Mawingu yakiondoka asubuhi naiona milima kutoka mlangoni. Kisha vita vikafika kule Mutwanga. Baadhi ya wenzangu wamezikwa huko, na nikiwakumbuka nalia, sioni haya kusema. Watu wa mpakani walikimbia, na Mama Masika, sasa bibi mwenye fimbo, akapata parcelle, yaani kiwanja, inayopakana na yangu.

Juzi alipanda pikipiki kwenda kuangalia shamba lake. Alirudi jioni amebeba kitambaa kilicholowa, na ndani yake tawi. Nikamuuliza habari za limite.

"Shamba imekuwa pori," akasema. "Kahawa sikuiona, nyumba sikuiona. Ile miti yetu tu ndiyo ilinionyesha: huku ni kwa Parc, huku ni kwa Masika."

Tuliipanda ile miti ili mashamba yasile pori, na sasa ndiyo inayomlindia mama huyu shamba lake.

Alikwenda hadi kati ya parcelle zetu mbili, akachimba kidogo kwa fimbo, akanyoosha tawi.

"Shika na weye," akaniambia.

Tukalishika wote wawili. Kama kawaida yake, akaanza kulivuta kuelekea upande wangu. Safari hii nikamwachia.