Kaseti ya Ubaruku

Mtu yule simpendi, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu anaongea vizuri. Ndiye mwezeshaji wa makongamano yetu ya kuhifadhi kumbukumbu za kidijitali, na nimekaa mbele yake mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Iringa. Mimi ndiye mtunza sauti wa kituo kidogo mjini humo: wazee wanasimulia na kuimba, sisi tunatunza. Mwezeshaji akatuambia kwamba kaseti ukishaiingiza kwenye kompyuta inakuwa takataka, inakula nafasi na kualika panya. Mkuu wangu wa kazi akaandika kila neno. Mwezi uliofuata nikaenda likizo, niliporudi nikakuta kaseti zote zimechomwa nyuma ya jiko la kituo. Nakala zilibaki kwenye diski moja. Niliomba diski ya pili, nikaambiwa nina wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga.

Diski ile ikafa. Siku moja ilianza kugonga ndani kwa ndani, kisha kimya. Mafundi wawili waliifungua, wote wakatikisa kichwa.

Kati ya sauti zilizopotea ilikuwamo ya bibi mmoja wa Ubaruku, akiimba nyimbo za kuvuna mpunga kwa Kisangu. Kaseti ilikuwa ya familia. Niliifuata mwenyewe nyumbani kwao. Bibi amefariki, na binti yake alikuwa amenipigia simu akitaka sauti ya mama yake isikike siku ya arobaini. Nilimwambia nitakuja. Sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi.

Ndipo tukaitwa Mbeya, kongamano la pili. Ukumbi wa baridi, chai ya maziwa, mabango yenye picha za wazee wanaocheka. Mwezeshaji yuleyule akapanda jukwaani na kutufundisha, bila haya, kwamba kaseti ya asili haitupwi kamwe.

Nikanyoosha mkono.

"Iringa ulituambia ni takataka," nikasema. "Za kwetu zikachomwa, na diski imekufa. Mtoto wa marehemu anasubiri sauti ya mama yake. Nimwambie nini?"

Akatabasamu. "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Ukumbi ukapiga makofi. Mkuu wangu, aliyekaa pembeni yangu, alipiga kuliko wote, kisha akaninong'oneza kwamba naaibisha kituo. Nilitamani kumwagia ile chai. Jioni yakasomwa maazimio, na la kwanza lilitupongeza kwa jinsi tulivyookoa sauti za wazee wetu. Wakaomba tuyapitishe kwa makofi tena. Mikono yangu niliikalia.

Walipojipanga kupiga picha ya pamoja mimi nilikuwa nimeshaondoka. Kesho yake nikapanda basi la kurudi Iringa, nikashukia njia panda ya Rujewa na kuchukua bodaboda hadi Ubaruku.

Nilimkuta binti wa marehemu akigeuza mpunga juani, juu ya turubai. Aliacha kazi, akanikaribisha kigoda, akaniangalia mkoba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: moto, diski, mafundi. Nilimweleza hata habari za mwezeshaji, nikitumaini atakasirika pamoja nami.

Hakukasirika na mwezeshaji. Hamjui.

"Dada, sisi ile kaseti tulikuwa tunaipiga kila mavuno," akasema. "Wewe ndiye ulikuja ukasema tukizidi kuipiga itachakaa."

"Ndiyo, nilisema."

Akachukua reki yake, akarudi kwenye mpunga. Alinipa mgongo, akavuta safu moja mpaka mwisho wa turubai ndipo akasema tena.

"Si ungeiacha ichakae hapahapa kwetu, tukiisikia."