Kitambi cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kiume nimemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita, mama yetu alipofariki. Kwa hiyo makosa yake ya zamani ni yangu, na sifa zake za leo nadai fungu langu. Mimi niliishia darasa la saba nikakalia cherehani. Yeye nilimsukuma mpaka akawa mpima ardhi, ana ofisi, ana nyumba yenye geti jeusi nje kidogo ya mji, huko ambako kila mwanaume ana gari, kibustani na kitambi. Yeye kitambi tu ndicho kilichomkataa. Kazini wanamwita Futi, maana hata ukimkaribisha kwenye kochi hulipima kwanza kwa macho.

Nilimlea kiume. Sufuria usiguse. Fagio si lako. Akilia nilimwambia, "Mwanaume halii, hutoka jasho la macho. Jifute twende." Nilidhani namjenga.

Mwaka huu mkewe akajifungua kwa upasuaji, mimba ya miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na nusu. Nimeshona mito mizito kuliko yule. Baada ya wiki tatu hospitali walitaka kuwaruhusu, mtoto ana kilo moja na gramu mia nane, lakini kidonda cha wifi yangu kilikuwa kimetunga usaha. Kunyonyesha aliweza, kwa kulala ubavu. Kitu chochote kumgusa tumbo, hapana.

Nesi akatueleza bila kuzunguka. Mtoto huyu mwili wake haujui kujipasha moto. Lazima akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, kama mtoto wa kangaruu. Arudishwe Ijumaa ya wiki ijayo kupimwa. Asipofika kilo mbili, anarudi wodini kwenye sanduku la kioo.

"Nipeni mimi," nikasema. "Kifua ninacho, tena cha ziada."

Kisha nikapiga chafya.

"Wewe mama na mafua yako, kaa kule dirishani," nesi akasema.

Kugeuka hivi, Futi anafungua vifungo vya shati. Mbele za watu! Nikamshika mkono. "We! Una wazimu? Wenzako wakikuona je?"

"Wenzangu wana kilo zao, dada. Huyu hana."

Nikamwachia mkono. Siku ile ile nikakata kitambaa cha pamba kinachovutika, nikamshonea mbeleko ya kifuani. Akaivaa, akaikagua, akasema mshono wa juu usogee sentimita mbili, kichwa cha mtoto kinalegea. Mimi, mwenye miaka thelathini kwenye cherehani, naelekezwa mshono na mtu wa viwanja! Nikafumua kwa kununa. Nikashona upya. Kichwa kikakaa.

Akachukua likizo. Nami mafua yalipokwisha nikahamishia cherehani barazani kwao, nikajionea. Mtu niliyemkataza sufuria anakoroga uji wa mkewe kwa mkono mmoja, mwingine ameushikilia mgongo mdogo kuliko kiganja chake. Anafagia ameinama nusu, kama anatafuta sindano. Akikaa, hakai mpaka apime pembe ya kiti.

Jumatano ya kabla ya kupimwa, mchana, geti likagongwa. Bosi wake na wenzake wawili, wamekuja kutoa pongezi. Futi akatupia shati lake kubwa juu ya mbeleko, akafunga vifungo, akawapokea hapo barazani. Bosi, mwenye kitambi kinachotangulia mlangoni, akasimama akashangaa.

"Haa! Futi! Wiki moja tu ya likizo? Mke mgonjwa, wewe unanenepa?"

"Karibu kwenye chama, bwana!" mwenzake akacheka. "Sasa umekuwa mwanaume kamili. Kilikuwa kifua tupu kama ubao wa matangazo!"

Bosi akanyoosha mkono akipige kitambi kile, kama wanavyosalimiana wao. Mimi nikaacha cherehani. Futi akaudaka mkono hewani.

"Taratibu, bosi. Kinalala."

"Kinalala nini?"

Kitambi kikapiga chafya. Halafu kikalia.

Nawaambieni, wanaume watatu walirudi nyuma kwa hatua moja, kama kwaya. Futi akafungua kifungo cha juu, kikatokea kichwa cheusi, kama ngumi ya mtoto.

Mwenzake akaanza kucheka, akaona hakuna wa kumsaidia, akajifanya anatazama saa. Bosi akakohoa. "Sasa bwana, nilikuja pia kwa kazi. Kesho tunaanza vile viwanja mia mbili. Nilitaka wewe usimamie. Mtoto mwachie dada yako hapa, wanawake ndio wanaojua mambo haya."

Bosi akanitazama. Mafua yalikwisha, kifua ninacho. Zamani ningeruka nimnyang'anye mtoto, nimsukume mdogo wangu mlangoni na viatu vyake. Lakini nilikuwa nimeona siku zile zote mtoto akisikia sauti ya baba yake anavyotulia. Nikasema, "Mimi mambo haya siyajui, bosi. Anayejua ni huyo."

"Nafasi hii nitampa mwingine, Futi," bosi akasema.

"Mpe, bosi. Viwanja havipungui uzito."

Akampa kweli. Futi akaenda kumpelekea mkewe mtoto anyonye.

Ijumaa tukaenda kliniki. Nesi mwingine, kalamu mkononi, akauliza, "Aliyekuwa anambeba huyu ni nani? Mama, wewe?"

Futi akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

Mtoto akawekwa kwenye mizani akiwa uchi, akipiga mateke. Futi alikuwa ameshika mbeleko tupu, anaipindapinda. Mshale ukapita kilo mbili ukasimama mbele yake kidogo. Kilo mbili na gramu arobaini.

"Nyumbani," nesi akasema. "Endelea hivyo hivyo, baba. Akianza kujinyonganyonga kutaka kutoka, ujue hahitaji tena kifua chako."

Futi akacheka, akaanza kufungua vifungo. Mimi nikatazama dirishani, nasema kuna vumbi humu ndani. Nikasikia mkono wake begani.

"Dada, jifute twende."