Dada Aliyengoja Jua Lizame

Chakula chetu cha nyoyo kikilala kina harufu yake. Mahindi na maharagwe yanapikwa Ijumaa, yanafunikwa, yanangoja Sabato, na kufikia Jumamosi jioni harufu tamu yenye uchachu kidogo inapenya kwenye kifuniko. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hapa Homa Bay majirani wananitania kwamba kiti changu kimeota mizizi, na sina la kujitetea. Lakini harufu hiyo ikinipata mwendo wa saa kumi na mbili, miguu inaanza kuniwasha, naenda mlangoni kutazama jua limefika wapi. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Magunga. Dada yangu Akoth, aliyekuwa na kumi na saba, ndiye aliyegawa mpira katika timu ya wasichana ya pale kwetu. Akiwa uwanjani wenzake walikimbia bila kutazama nyuma. Walijua mpira utawafuata. Shida ni kwamba sisi ni Wasabato, hatuchezi mpaka jua la Jumamosi lizame, na mechi nyingi zilikuwa Jumamosi mchana. Kocha, mwalimu Mkatoliki aliyeitwa Oluoch, alivumilia, kisha akachoka. "Mimi sina nafasi ya mchezaji wa kuchagua siku," akasema, akamweka benchi hata Jumapili.

Timu ikafungwa mechi tano mfululizo. Ndipo Bwana Salim, muuza vitambaa aliyewanunulia jezi, akatoa neno lake: wakifungwa ya sita, jezi na mipira vinaenda kwa wavulana. Kila mtu alijua maana yake. Timu bila jezi wala mpira ni wasichana tu waliosimama nyasini, na nyumbani kuna vyombo vya kuosha.

Mechi ya sita ilikuwa Jumamosi, dhidi ya wasichana wa Isebania. Lori lao lilipata pancha njiani, wakaingia saa kumi na moja jioni wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Habari zilitufikia kabla hawajashuka wote. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini pia alikuwa na ugonjwa wa mpira, na aliuficha vibaya. Akazunguka ua mara tatu. Mwishowe akavua saa yake ya mkononi akanivisha mimi, nikalazimika kuisukuma hadi kwenye kiwiko isianguke.

"Kalenda ya kanisa inasema jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu," akasema. "Nendeni. Dada yako atakaa benchi. Hatagusa mpira. Dakika hiyo ikifika, wewe ndiye utamwambia. Si kabla."

Hadi leo sijapewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Tulikaa benchi moja, Akoth akiwa na gauni la kanisa juu ya kaptura, viatu vya mpira mapajani. Kipindi cha kwanza kikaisha tumefungwa moja. Wenzake waliukimbilia mpira kama kuku wanaomfukuza panzi, wote upande mmoja. Goti la Akoth lilitikisa benchi mpaka meno yangu yakagongana. Wakati wa mapumziko kocha akaja, mikono nyuma.

"Nyathina," akamwita, mtoto wangu, kwa upole ambao hakuwa ameutumia tangu Januari. "Hilo jua lenu linazama saa ngapi?"

"Muulize huyu, mwalimu. Leo ndiye bosi wangu."

Kipindi cha pili nusu ya watazamaji walitazama mpira, nusu wakatazama milima ya Gwassi. "Hili jua nalo limekuja na lori la Isebania," mama mmoja akalalamika nyuma yetu. "Linapoteza muda makusudi."

Jua likajificha nyuma ya mlima, kivuli kikafunika uwanja. Nikatazama saa. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Zilibaki kumi na mbili. Shuti lao likagonga mwamba wa goli letu, na nikaona Bwana Salim akitikisa kichwa. Nikafunika saa kwa kiganja.

"Tayari," nikasema.

Akoth akanitazama. "Hakika?"

"Hakika. Limezama."

Akavua gauni akanirushia usoni. Nilipolitoa alikuwa keshaingia. Sitawadanganya kwamba aliwapiga chenga watu wanane. Alisimama tu katikati akaita majina: "Mercy, toka pembeni. Lilian, rudi." Wale kuku wakawa timu. Goli la kwanza alimpikia Mercy palepale, kabla hata sijalikunja gauni. La pili lilikuja kiza kikiingia, tukalijua kwa kelele za waliosimama nyuma ya nyavu. Jezi zikabaki.

Ila karani wa kanisa alikuwa akipita barabarani, naye alikuwa na saa.

Sabato iliyofuata Akoth hakusimama na kwaya. Alikaa benchi la nyuma kabisa, yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo, kwa miezi mitatu. Mimi nikaamua kwamba miguu inamuuma kwa sababu ya mpira. Mtoto huamini kile kinachomfaa.

Ni mwaka jana tu Mama alinisimulia, huku akichambua mboga kana kwamba ni habari ya kawaida. Kabla ya kumwondoa kwenye kwaya, baraza la kanisa lilimuuliza Akoth nani alimwambia jua limezama. Akajibu hakuna mtu. Alitazama mlima mwenyewe akakosea. Saa hakuitaja. Mimi pia hakunitaja.

Nikampigia Akoth simu huko Mbita, anakofundisha wasichana mpira siku za Jumapili. Nikaungama. Akacheka.

"Nilijua, wewe. Nani hufunika saa inayosema ukweli?"

"Sasa kwa nini uliingia?"

"Nilikuwa nimechoka kukaa."

Miaka yote hiyo nilijiona ndiye niliyeifufua timu ile kwa kiganja kimoja. Kumbe Akoth aliinuka kwenye benchi lile akijua vizuri kwamba lingine linamngoja. Alilikalia kimya miezi mitatu, huku mimi nikiwa mbele na watoto wenzangu, nikiimba kuwapita wote.

Siku hizi, Jumamosi jioni, nasimama mlangoni mpaka jua lizame kabisa. Kisha nangoja dakika nyingine kumi na mbili, ndipo nawasha jiko.